Chumba Nilichokifuta

Nilikifuta chumba chake Jumapili mchana. Kwenye kompyuta ilikuwa kazi ya kubonyeza kitufe kimoja. Kwenye modeli ya jengo ndiko nilikohangaika, maana kuta zake ndogo za kadibodi alizibandika mwenyewe, na alichokibandika yeye hakibanduki kirahisi. Ilinibidi nipitishe kisu chini ya kila ukuta, taratibu, huku nikitazama mlangoni kama mwizi.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya majaji.

Lakini nisikimbilie huko. Chuo chetu kilikuwa kimeitisha shindano. Kila kikundi kiwe na watu watatu, mmoja wa usanifu majengo, mmoja wa uhandisi na mmoja wa sanaa za maonyesho, na kwa wiki kumi wabuni pamoja jumba la maonyesho lililo bora kuliko yote wanayoweza kuyafikiria. Msanifu wa kikundi kitakachoshinda angepata kazi katika ofisi ya jaji mkuu wa shindano, ambaye mwenyewe ni msanifu. Katika kikundi chetu msanifu nilikuwa mimi. Mhandisi tulimwita Zege, kijana mnene, mwepesi wa maneno, ambaye angeweza kukokotoa uzito wa paa huku anakutania. Wa tatu alikuwa yeye.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, mimi ishirini na sita. Kabla ya kuja chuoni alishona mavazi ya waigizaji kwa miaka minane katika ukumbi mmoja mkongwe, na alikuwa na binti wa miaka tisa aliyemlea peke yake tangu mumewe afariki. Vijana wa darasa lake walimwita Shangazi, kwa utani, naye aliitika bila kinyongo. Mimi sikuwahi kumwita hivyo. Wiki ya kwanza nilimwita dada, ya pili nikamwita mwenzangu, na kufikia ya tatu nikawa simwiti kitu, kwa sababu kila jina nililolijaribu mdomoni lilikuwa ama dogo sana ama kubwa sana.

Siku nilipowaonyesha ramani ya kwanza, Zege alisifu paa. Yeye aliinama juu ya karatasi muda mrefu, miwani ikimshuka puani.

"Watazamaji umewawekea viti mia nne," alisema. "Umewawekea vyoo, umewawekea mgahawa. Wanaofanya kazi umewaweka wapi?"

"Chini," nikasema. "Kuna orofa nzima chini ya ardhi."

"Umewahi kufanya kazi chini ya ardhi?"

"Hapana."

"Mimi nimefanya miaka minane. Unashona kwa taa kutwa nzima. Kwa taa, kitambaa cheusi na cha buluu iliyokolea ni kitu kimoja. Siku moja mfalme wetu alitoka jukwaani na mkono mmoja mweusi na mwingine wa buluu."

Zege alicheka mpaka akashika meza. "Mfalme mwenyewe alisemaje?"

"Mfalme hakuona, alikuwa anakumbuka maneno yake. Walionifokea ni wengine."

Basi tukampa chumba. Tulikiweka ubavuni mwa jukwaa, sakafu moja na jukwaa lenyewe, na dirisha pana upande wa jua la asubuhi, ili mwigizaji atoke mbele ya watu, apige hatua sita, abadilishwe nguo na arudi. Nilitaka kujua kubadilisha nguo namna hiyo kunahitaji nafasi kiasi gani, naye akasema vitu hivyo havipimwi kwa rula. Tukabandika utepe kwenye sakafu ya karakana, Zege akashika saa, mimi nikawa mwigizaji.

"Sekunde tisini," alisema. "Usinisaidie. Anayenisaidia hunichelewesha."

Alinivua koti, akanivisha jingine refu lenye vifungo kumi na viwili, akaanza kufunga kutoka chini kwenda juu. Vidole vyake vilikuwa vya haraka na vya moto. Alipofika kifuani nikashusha macho, naye akayainua yake.

"Acha kupumua," aliniambia polepole.

"Kwa nini?"

"Unanipotezea hesabu."

"Themanini na nane," alisema Zege. "Mmeweza. Jamani, mmeweza, mbona hamtoki?"

Hatukutoka. Mkono wake ulibaki juu ya kifungo cha mwisho muda ambao hakuna mwigizaji angeweza kuumudu.

Baada ya hapo hapakuwa na haja ya maelezo mengi. Tulikuwa tunakaa ngazi za maktaba saa za chakula, binti yake akitoka shule anatukuta hapo, anafanya hesabu zake juu ya begi langu. Mimi ndiye niliyesema kwanza kwamba nampenda. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Kwenu wanajua?"

"Nitawaambia," nilimjibu.

Kwetu maana yake ilikuwa dada yangu. Wazazi walifariki mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja, yeye ishirini na miwili, muuguzi aliyeanza kazi juzi. Alinilea, akanisomesha, akapanda cheo hadi kuwa msimamizi wa wodi, na mpaka leo akikuuliza jambo unahisi una homa na amekuja kuipima.

Jumamosi kabla ya siku ya majaji alipita karakana bila taarifa, akitoka zamu, bado na viatu vyake vyeupe. Alitukuta watatu na yule mtoto. Alisalimia vizuri, akaitazama modeli, akasifu. Akamtazama mtoto ambaye alikuwa ameegemea bega langu akikata miti ya karatasi. Akamtazama mama yake. Kisha akaniomba nimsindikize hadi getini.

"Mama yule ana miaka mingapi?" aliuliza tulipofika chini.

"Thelathini na minne."

"Na mwanawe amekuegemea kama ukuta wa kwao."

"Ni mtoto tu, dada."

"Najua ni mtoto tu. Na wewe ulikuwa mtoto tu." Alisimama. "Nilipokuwa na umri wako walikuja watu wawili kunichumbia, kwa nyakati tofauti. Wote waliingia sebuleni, wakakuona umekaa na daftari lako, wakanywa chai yao, hawakurudi. Sijakuambia haya kwa sababu hayakuwa makosa yako. Lakini kulea mtoto ambaye hukumzaa kunakula miaka, na ya kwangu imeshaliwa. Sitaki na wewe uanzie hapo."

Nilikuwa namsikia akisema juu ya maisha yake, na kila neno lilikuwa kweli.

"Nakuuliza mara moja. Yule ni nani kwako?"

"Mwenzangu wa kikundi."

"Tu?"

"Tu."

Alinitazama kidogo, akanirekebisha kola ya shati, akaenda zake.

Usiku ule nilijipangia mambo kwa namna ambayo mwoga hujipangia. Nikishinda, nitapata kazi. Nikipata kazi, nitakuwa mtu mzima mbele ya dada. Nikiwa mtu mzima, nitasema. Kwa hiyo lililobaki ni kushinda. Na mwalimu wetu alikuwa amekwisha kunidokeza kwamba jumba letu lina uso mwembamba, kwamba mtu akiingia hapati pumzi, kwamba majaji hupenda ukumbi wa mapokezi wenye kifua. Nafasi ya kuupanua ilikuwa moja tu, pale ubavuni mwa jukwaa.

Jumapili yeye alikuwa nyumbani na binti yake. Simu ilikuwa mfukoni mwangu mchana wote.

Asubuhi ya Jumatatu Zege alifika wa kwanza, akafunua paa la modeli, akalirudisha.

"Shangazi anajua?"

"Nitamwambia."

"Bwana wewe," alisema bila kucheka, "hizo nitamwambia zako zimekuwa nyingi."

Yeye alipofika, alikuwa amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, na alikuwa na furaha ya mtu aliyelala vizuri. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Hapo ndipo palikuwa na nafasi yangu ya mwisho, dakika kumi nzima, na nilizitumia kupanga nyaya za projekta.

Tuliitwa saa nne. Majaji walikuwa watatu: mwalimu wetu, yule msanifu mwenye ofisi, na mama mmoja mwongozaji wa michezo ya kuigiza, mwenye mvi na fimbo ya kutembelea. Dada alikuwa safu ya tatu. Nilieleza umbo la jengo, Zege akaeleza paa na nguzo, watu wakacheka pale alipotaka wacheke. Zamu ya mshonaji wetu ilikuwa sehemu ya nyuma ya jukwaa. Kabla hajaanza, yule mwongozaji akainua mkono.

"Nina swali langu la siku zote. Mwigizaji wangu ametoka jukwaani, ana dakika moja na nusu avae nguo nyingine arudi. Naomba unionyeshe anakwenda wapi."

Niliona uso wake ukichangamka nyuma ya miwani. Ndilo swali alilokuwa amelisubiri wiki kumi, pengine miaka minane. Aliinua paa la modeli kwa mikono miwili, akalilaza mezani, akanyoosha kidole pale ubavuni.

Kidole kilibaki hewani. Chini yake palikuwa na ukumbi wa mapokezi, na watu wadogo wa karatasi wamesimama wakipeana mikono.

Aliangalia modeli. Hakuniangalia mimi. Nilihesabu bila kutaka, nadhani hazikuzidi sekunde tano.

"Anakwenda chini," alisema, akisogeza kidole hadi nyuma ya jukwaa. "Kuna ngazi nyuma ya pazia hili. Tulijadiliana, tukaona ukumbi wa mbele unahitaji nafasi zaidi. Ulikuwa uamuzi wa kikundi."

"Ngazi ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na mwigizaji wangu aliyevaa gauni la kuburuza?"

"Itabidi awe na msaidizi wa kumshikia, mama. Tunakubali kwamba hapo pana upungufu."

Mwongozaji alitikisa kichwa, akaandika. Yule msanifu alisema ukumbi wa mapokezi ni wa aina yake. Mpaka leo sijui nilimalizaje kusimama pale.

Tulishinda, kwa alama chache. Walipotuita kupiga picha yeye alisimama mwishoni, karibu na Zege, akatabasamu inavyotakiwa, akashuka kabla makofi hayajaisha.

Nilimkuta chumba cha kushonea cha idara yao, anakunja vitambaa na kuviweka kwenye sanduku. Dirisha lilikuwa wazi, wanafunzi wakipiga kelele uwanjani.

"Ungeniambia," alisema akiwa amenipa mgongo. "Hata kwa simu."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Tungegombana. Pengine ungenishinda, wewe ndiye msanifu. Ningekasirika siku mbili, ningemaliza." Akageuka. "Hilo ningelimeza."

"Nilifanya kwa ajili yetu. Nikipata ile kazi—"

"Mimi usinitie humo."

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Aliendelea kukunja, ncha kwa ncha.

"Jumamosi alikuja dada yako," alisema. "Jumapili chumba kikaondoka. Mimi kazi yangu ni kufuata uzi mpaka nione ulipokatikia. Alikuuliza mimi ni nani?"

"Aliuliza."

"Ukamjibu nini?"

Nilizungusha kidogo gurudumu la cherehani.

"Nijibu. Leo nimesimama mbele ya ukumbi mzima nikasema uongo ili usiaibike, na mimi si mzoefu wa uongo. Nina haki ya kusikia ukweli mmoja."

"Nilisema wewe ni mwenzangu wa kikundi."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia kipimo alichokwisha kukikadiria kwa macho.

"Na kikundi kimekwisha leo," alisema.

"Usiseme hivyo. Nipe wiki moja. Nitazungumza naye, nikitulia, nikipata namna nzuri—"

"Dada yako yuko hapo nje. Nimempita kwenye ngazi, anakusubiri. Hatua ishirini." Alisubiri. Aliniangalia kwa macho yasiyokuwa na hasira yoyote, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ningeweza kusimama. Ningeweza kumshika mkono tukatoka, gauni lake la kijani na aibu yangu, tukasimama mbele ya dada, na yaliyobaki yangekuwa ya Mungu. Badala yake niliangalia cherehani.

"Marehemu mume wangu," alisema baadaye, "alinipeleka kwa mama yake nikiwa na unga mikononi. Tulikuwa tunapika, mama akabisha hodi, yeye akanivuta hivyo hivyo hadi mlangoni. Nikamwambia ngoja ninawe. Akasema utanawa baadaye. Sikutaka uwe yeye. Kila mtu na wake. Lakini nilishaona jinsi inavyofanywa."

"Samahani."

"Nimesikia." Alifunga sanduku. "Nenda, usimsimamishe mwenzio juani. Ametoka zamu."

Nikaenda. Ndilo jambo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba nilienda.

Nyumbani dada alikuwa amenipikia kwa furaha ya ushindi. Nilikaa mbele ya sahani nikawa nageuzageuza kijiko. Alivumilia kidogo, akaweka kitambaa chini.

"Umeshinda, mbona umekaa kama umefiwa?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia vifungo kumi na viwili hadi ngazi kumi na nane. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo si mwenzako wa kikundi tu."

"Hapana."

"Nilikuuliza, ukaniambia 'tu'."

"Niliogopa."

"Ukamwogopa nani? Mimi?" Alinitazama kama mtu aliyeibiwa ndani ya nyumba yake. "Ningenuna, ndiyo. Mwezi, pengine miwili. Ningekuambia maneno mabaya kuliko yale. Halafu siku moja ningekuuliza yule mtoto anapenda kula nini. Hunijui mpaka leo? Nilisema yaliyonijaa moyoni, basi. Kazi ya kukataa ilikuwa yako."

Nilimpigia yeye simu kesho yake, na siku iliyofuata. Alipokea zote, akanijibu kwa adabu, akasema ana kazi. Wiki ya tatu dada alichoka kuniona hivyo, akasema twende kwake. Alivaa vizuri mno, kama anayekwenda kuposa, ingawa wote wawili tulijua hatuendi kuposa.

Tulipobisha hodi kwake, alitukaribisha ndani, akatupa viti na maji ya kunywa. Binti yake alisalimia, akaingia chumbani.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema dada. "Kwa niliyoyasema juu yako, hata kama hukuyasikia."

"Hukunikosea, dada yangu. Ulikuwa unamlinda wako. Na mimi ningefanya hivyo hivyo." Kisha akanigeukia. "Wiki ya kwanza nilikusubiri. Sitakuficha, kila nikisikia hatua nilikuwa nasimama. Ya pili nilikuwa na hasira. Hii ya tatu nimetulia, na nimeona utulivu unanifaa. Mtoto aliuliza mara moja, hakurudia."

"Naweza kusubiri," nilisema.

"Najua unaweza kusubiri. Hilo unaliweza sana." Hakulisema kwa kejeli. "Sikuchukii. Ila tukirudiana nitakuwa nachungulia ramani yako kila asubuhi kuona kama bado nimo. Sitaki kuamka hivyo."

Tulikaa kidogo kwa ajili ya heshima. Dada akasifu pazia la sebuleni, akataja kwamba sare yake ya kazi inambana mabegani. Akaambiwa asimame apimwe. Nikawaona wamesimama karibu na dirisha, mmoja ameinua mikono, mwingine ana futi shingoni, wanazungumza juu ya mishono.

Njiani dada ndiye aliyelia. "Ni mimi," alisema. "Ni mdomo wangu huu."

"Hapana, dada. Wewe ulisema tu. Mimi ndiye niliyenyamaza."

Imepita miaka minne. Niliipata ile kazi, na ninaifanya vizuri. Zege ameoa, anajenga madaraja. Yeye sasa anaongoza idara ya mavazi katika kikundi cha maonyesho kinachosafiri, na binti yake karibu anamaliza shule ya msingi. Najua haya kwa sababu dada hushonesha kwake sare zake zote, na Jumapili hupigiana simu, wanacheka mpaka nasikia nikiwa chumba cha pili. Karibu na mwisho wa mazungumzo yeye huniulizia, hajambo yule? Dada hujibu hajambo, anakusalimu. Sijawahi kumtuma salamu hizo, na sijawahi kumkataza.